Mwalimu Thubutu Anashuka Ngazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza cha kuzungumza katika chuo chetu cha watu wazima, Mwalimu Thubutu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lililo kwenye barua yake ya ajira ni jingine, lakini ukienda getini ukauliza kwa jina hilo, mlinzi atakwambia hamjui mtu huyo. Muulizie Mwalimu Thubutu, utasindikizwa mpaka dirishani kwake.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu hupakwa asali. Husemwa alikuwa mpole, mchapakazi, mpenda watu, kisha keki inakatwa na kila mtu anarudi kazini. Mwalimu Thubutu hakuwa mpole. Mchapakazi alikuwa, na watu aliwapenda, ila aliwapenda kwa kuwabishia. Na kwa kuwa miezi michache iliyopita makopo mawili makubwa ya rangi nyeupe yaliwekwa chini ya ngazi aliyofundishia, ili ifutwe hata kabla mwenyewe hajafungasha vitu vyake, wasifu huu utafanya kazi mbili. Utasimulia alichokifanya mama huyu, na utaeleza kwa nini ngazi ile ilistahili kupiganiwa.

Alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Alipewa chumba cha mwisho, kile kilicho kando ya ngazi ya nje ya saruji inayopanda ghorofani, chenye dirisha lisilofunga na feni iliyokuwa ikilia kama mtoto anayenyimwa kitu. Akapewa na kitabu. Wakongwe mnakikumbuka: jalada la kijani, picha ya bwana mwenye kofia akinunua tiketi. Ndani ya kitabu kile hakuna mtu anayembishia mwenzake. Muuza duka akisema nguo imekupendeza, mteja anashukuru. Daktari akisema meza vidonge hivi, mgonjwa anashukuru. Bosi akisema kesho hakuna kurudi nyumbani mapema, wafanyakazi wanashukuru. Kitabu kizima cha watu wanaoshukuru.

Siku ya kwanza, ili kulichangamsha darasa, aliwaambia wanafunzi kwa Kiingereza kwamba anamiliki ndege mbili, na kwamba moja ameiegesha nyuma ya soko. Alitegemea kicheko. Alichosikia ni kalamu. Darasa zima, watu wazima wenye ndevu zao na watoto wao nyumbani, makuli, washonaji, wahudumu wa hoteli, karani wa mahakama, walikuwa wameinamisha vichwa wanaandika daftarini: mwalimu ana ndege mbili, moja iko nyuma ya soko.

Akarudia habari ileile kwa Kiswahili. Paa lilitaka kung'oka. "Thubutu!" akapayuka kuli mmoja kutoka safu ya nyuma. "Ndege gani, za karatasi?" "Nyuma ya soko wapi, mwalimu, pale kwa wauza mkaa?" "Dada, hebu tufundishe, tumetoka kazini tumechoka!" Watu walewale, uongo uleule, na haikuwa imepita hata dakika.

Mkasa huo aliusimulia kila mwaka kwa kila darasa jipya, na kila mara aliumaliza kwa neno la yule kuli, huku akipiga meza. Hivyo ndivyo jina lilivyomganda.

Naomba msomaji asiharakishe kupita hapo. Tumeambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba shida ya watu wetu na Kiingereza ni uchache wa maneno. Upuuzi mtupu. Maneno hukaririwa. Shida ni kwamba Kiingereza kikiingia mlangoni, ubishi wetu hutorokea dirishani. Mtu asiyenunua nyanya bila kuibonyeza mara mbili, mtu ambaye shemeji yake akipiga simu kusema yuko njiani hujua kabisa kwamba bado anaoga, mtu huyohuyo atakubali lolote akiambiwa kwa Kiingereza na mwenye tai. Huo si ujinga, ni mafunzo. Tulimfundisha hivyo sisi wenyewe, kwa kitabu cha kijani, na tukampa cheti.

Binti yule alikitupa kitabu juu ya kabati, kikawa nyumba ya buibui, na akaanzisha kipindi kilichokuja kuitwa Alhamisi ya Ubishi. Sheria zake zilikuwa chache. Mwanafunzi mmoja anasimama mbele, anaeleza jambo la maisha yake, la kweli au la uongo. Wenzake wanamtilia shaka kwa Kiingereza. Msimuliaji haruhusiwi kununa wala kuapa. Anatakiwa alete ushahidi. Kuapa, alisema Mwalimu, ni kazi ya mtu ambaye hana cha kuonyesha.

Kipindi kilipendwa mno, na mwaka wa tatu kikaleta balaa. Mhudumu wa hoteli, kijana mcheshi ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alikwenda kazini Ijumaa asubuhi akiwa bado na moto wa jana yake. Mgeni mmoja mzee, mstaarabu, aliyekuwa akipaka siagi kwenye mkate, alimwambia kwamba amekwisha kutembelea kila nchi iliyoko duniani. Kijana akatua birika la chai mezani, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kufika jikoni: "Pull the other one!" Katika Kiingereza hicho ndicho kilele cha ubishi, pale unapomwambia mtu waziwazi kwamba umeshamwona anavyokuchezea. Ni sawa na kumwambia baba mkwe wako, "Wapi, mzee, kawadanganye watoto!" Alisimamishwa kazi kabla chai haijapoa.

Mwalimu Thubutu alifunga safari mwenyewe hadi hotelini. Meneja alimpokea amekunja mikono. "Kumbe wewe ndiye unayewafundisha kutukana wageni wetu?" "Nimemfundisha kutilia shaka," akajibu. "Vipimo ndivyo sikumfundisha. Mrudishe kazini, vipimo nitamletea." Kijana akarudishwa, kwa sharti la kuanzia kwenye sinki la vyombo. Yule mgeni, kwa taarifa yenu, hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa amecheka mpaka akamwaga chai. Aliyeona aibu ni meneja.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja chuoni na mumewe. Mumewe alikuwa mchora mabango, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye rangi kwenye kucha zote kumi, ambaye mkono wake ndio ulioandika nusu ya maduka ya mtaa huu. Alileta brashi na rangi ya buluu iliyobaki kwenye bango la duka la dawa. Kutwa nzima alipiga magoti kwenye ngazi ya nje akiandika juu ya uso wa kila kipandio, kutoka chini kwenda juu, maneno ambayo mkewe alikuwa akimsomea.

Kipandio cha chini kabisa kina neno "Really?" Hilo ni lile "kweli?" la kuinua nyusi tu, unaweza kumwambia mkubwa yeyote mwenye gari la king'ora na usikamatwe. Cha pili ni "Are you sure?", una hakika? Cha tatu, "I find that hard to believe", nimeshindwa kuliamini hilo, Mwalimu alikipenda sana kwa sababu kinaiweka shida upande wako wewe unayebisha, na mwenzako anabaki na heshima yake. Cha nne, "I'll believe it when I see it": nitaamini nikiona. Kinafuata "You must be joking", lazima unatania, halafu "Come off it!", ambacho ni "acha bwana" yetu ileile. Na juu kabisa, mlangoni pa ghorofa, yakakaa yale maneno yaliyomponza mhudumu.

Tangu siku hiyo msimuliaji alisimama chini, ardhini, na wabishi wakapanda kila mmoja kwenye kipandio alichoona kinamfaa. Mwenye kuridhika alishuka. Kwa mwajiri na mama mkwe, usipite cha tatu. Kwa mtu anayetaka chochote kutoka kwako, simama cha nne na usiteremke mpaka umeona kwa macho. Wenzako wa kazini wanavumilia cha tano. Kwa shemeji na watani, panda mpaka juu, ukichoka pumzika.

Maneno ya juu kabisa yamelalia kulia kidogo. Wengi hudhani ni uzee wa ngazi. Hapana. Mchora mabango alipofika hapo, mkewe, aliyekuwa amemshikia kopo la rangi, alimwambia kwamba ana mimba. Madaktari walikuwa wamekwisha kuwaambia wasitarajie. Bwana alicheka, mkono ukamtoroka, akasema, "Toka hapa!" Akabaki kwenye ubishi huo wiki nzima, mpaka alipopelekwa zahanati akaonyeshwa. Binti aliyezaliwa alikuwa na sauti ya mama yake, na majirani ni mashahidi.

Hadithi za ngazi ile hazitoshi kwenye jarida hili. Nichukue ya fundi wa kuchomelea vyuma. Alisimama Alhamisi moja, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso, akatangaza kwamba mkewe amejifungua watoto watatu kwa mpigo na kwa hiyo anaomba kuondoka mapema. Darasa lilimwangukia. Kwa miezi kadhaa alikuwa na mazoea ya kuondoka mapema, na sababu zake zilikuwa zikinenepa kila wiki. Karani wa mahakama, mtu ambaye hakuwahi kupita kipandio cha pili maishani mwake, alipanda mbio hadi juu kabisa akapiga kelele mpaka feni ikanyamaza. Fundi akatoka jasho, akasahau sheria, akaapa kwa kila kitu, mwisho akakimbia.

Alhamisi iliyofuata alirudi na mkewe na mama mkwe wake, na kila mmoja wa hao watatu amebeba mtoto. Ngazi ilishuka yote kwa pamoja. Mama mkwe, asiyejua neno la Kiingereza, akawatazama. "Ni nani hapa aliyesema binti yangu hawezi kuzaa watatu?" Akamgeukia karani. "Wewe kaka mwenye tai, naambiwa ulikuwa juu kabisa. Njoo umshike huyu, amejiharibia." Karani akampokea mtoto na tai yake ikapata ilichopata. Alipoelezwa ngazi ni ya nini, mama aliomba afundishwe kipandio kimoja tu, kinachomtosha. Hadi leo fundi akichelewa nyumbani na kusema kazi ilikuwa nyingi, mama mkwe humtazama kutoka jikoni, akamwambia, "Rili?" Na fundi, ambaye huchomelea matangi ya mafuta bila kutetemeka, huanza kupekua mifuko akitafuta ushahidi.

Tulicheka sana miaka hiyo. Lakini kuna wanaosema mpaka sasa kwamba tulikuwa tukicheka tu, kwamba ngazi ile ilifundisha ujeuri. Kwao nina habari ya mshonaji.

Alikuwa binti wa miaka ishirini, mkimya, aliyekaa karibu na dirisha na kupanda kipandio cha kwanza kwa kulazimishwa. Siku moja nyumbani kwao alikuja bwana aliyevaa vizuri, wakala, anayezungumza Kiingereza peke yake. Alikuwa na kazi ya kushona nje ya nchi, chumba bure, chakula bure, safari wiki ijayo. Alichotaka ni pasipoti tu, akae nayo yeye kwa usalama. Sebule nzima ilikuwa ikitikisa vichwa kukubali. Baba yake alitikisa kichwa kwa sababu hakuelewa na aliona haya kusema. Baba yake mdogo alitikisa kwa sababu kaka yake ametikisa. Mama alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha.

Mshonaji akasema, taratibu, "Really?" Bwana akacheka, akasema ndiyo. "Are you sure?" Bwana akasema yeye hufanya kazi hiyo miaka yote. Binti akasema anashindwa kuamini kwamba mwajiri anahitaji pasipoti yake kabla hajajua hata jina lake la pili. "Mwanangu, unasema nini na mgeni?" baba yake akanong'ona. "Namuuliza, baba." Kisha akapanda cha nne: ataamini akiona, mkataba kwanza, na simu ya mmoja wa wasichana waliotangulia, azungumze naye kwa sikio lake. Bwana akafunga mkoba. Akasema vitu hivyo viko ofisini, atavileta kesho asubuhi.

Kesho hiyo bado inasubiriwa. Wasichana wawili wa mtaa wa pili waliompa pasipoti bila swali walirudi baada ya miaka, na hawapendi kuulizwa walikuwa wapi. Mshonaji sasa ana karakana yake na mafundi chini yake. Gauni ambalo Mwalimu Thubutu alilivaa Alhamisi iliyopita, lile la kijani lenye mikono mipana, ni kazi yake. Sasa nani ananiambia ujeuri? Ujeuri ni kumfundisha binti lugha ya watu halafu kumnyima maneno ya kuikatalia.

Mambo mengine ya utumishi wake nitayapitia haraka, maana mwenyewe huyaona ya kawaida. Alifundisha chini ya wakuu sita wa chuo na wote walimwogopa kidogo, jambo lililowafaa. Alikataa uongozi wa idara kila alipopewa, akisema mkuu wa idara hulazimika kukubaliana na watu. Aliandika kitabu cha mazungumzo. Mchapishaji akakirudisha na maelezo kwamba wateja waliomo ndani wanauliza maswali mengi. Walimu wachanga wapatao kumi na wawili walijifunza kazi wakiwa wamekaa nyuma ya darasa lake, na ukitaka kuwatambua popote walipo, waambie jambo kubwa uone nyusi zao.

Sasa yale makopo.

Februari mwaka huu tulipata wageni wafadhili. Ukumbi mpya uko ghorofani na njia ya kufika huko ni moja. Mkuu wetu wa sasa, mwenye mwaka wa tatu kazini, mtu anayewahi kufika na ambaye sina ugomvi na bidii yake, alianza hotuba yake njiani ili kuokoa muda. Alitangulia, wageni wakafuata, macho yao yakiwa usawa wa visigino vyake. Akasema wahitimu wetu wote wanapata kazi. "Really?" ikauliza ngazi. Akasema maktaba yetu inajaa kila siku. "Are you sure?" Alipofika kwenye kompyuta mpya, kwamba zote zinafanya kazi, kiatu chake kilikuwa kimetua juu ya "You must be joking". Kufika mlangoni, kiongozi wa wageni, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Akaomba kwa adabu azione hizo kompyuta. Nusu yake zilikuwa zimefunikwa vitambaa, na walipofunua na kubonyeza, hakuna kilichowaka.

Kikao cha walimu kilichofuata hakikuwa kirefu. "Chuo hakiwezi kuwa na ngazi inayomzomea mkuu wake," alisema Mkuu. Ipakwe nyeupe, maneno yatawekwa kwenye ubao mzuri, mahali pengine, muhula ujao. Baadhi yetu tulisema, na tulisema kwa sauti, kwamba kilichomzomea ni kompyuta. Wengi walitazama viatu vyao. Kisha Mwalimu Thubutu akasimama, na chumba kizima kikashika viti kwa mikono miwili kikingoja moto.

"Really?" akasema, taratibu, kama mtu anayeulizia saa. Akaketi.

Tulimfuata nje. "Mwalimu, mbona umemwachia? Ile ni kazi ya marehemu!" Maana mchora mabango alifariki miaka tisa iliyopita, na mabango yake mtaani yamekwisha kufutwa karibu yote, maduka yamebadilisha wenyewe, duka la dawa limekuwa duka la simu. Mahali ambapo mtu angeweza kuusoma mwandiko wake pamebaki hapo tu, ngazini. "Ngazi ni ya chuo," akatujibu. "Na yule ni mkuu wangu wa kazi. Vipandio vitatu tu. Sheria nimeziweka mwenyewe, nizivunje leo kwa sababu imeniuma?" Lakini tangu siku hiyo kila asubuhi alikuja na kitambaa chenye maji, akafuta vumbi kwenye herufi zote, kutoka chini mpaka zile zilizolalia kulia, ndipo akaingia darasani.

Rangi ililetwa. Akaitwa mpakaji. Alifika, akaweka brashi chini, akainama kusoma, akavua kofia. "Huu mkono naujua," akamwambia Mkuu. "Huyu ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Tafuta mtu mwingine, bosi." Akatafutwa mwingine. Naye alisoma, akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaenda zake. Wa tatu alitaka kujua kwanza kama mjane ana habari. Inaonekana hakuna mpakaji mwenye ngazi na kamba katika mji huu ambaye hakupitia mikononi mwa yule bwana. Makopo yakakaa pale wiki baada ya wiki, yakishika vumbi, na Mkuu akawa anayapita kila siku akielekea ukumbini.

Alhamisi iliyopita ilikuwa Alhamisi ya Ubishi ya mwisho. Hatukuwa tumetuma mialiko, lakini walikuja. Fundi alikuja na watoto wake watatu, ambao sasa wanamzidi urefu, na mama mkwe kwenye kiti. Mshonaji alikuja na futi ya kupimia bado shingoni. Yule mhudumu, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa chumba cha chakula katika hoteli ileile, alikuja na mdomo uleule. Karani wa mahakama alikuja bila tai. Walikaa kwenye ngazi, juu mpaka chini, na nafasi ya msimuliaji pale ardhini ilikuwa wazi, kwa kuwa hakuna aliyejua nani asimulie.

Mkuu alitoka ofisini kwake na zawadi mkononi. Ili aongee na watu wale ilibidi asimame palepale. Akakohoa, akasema kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, kwamba ngazi itabaki kama ilivyo.

Hakuna aliyepiga makofi. Kuanzia kwa fundi hadi kwa binti wa Mwalimu aliyekuwa juu kabisa, watu walianza kusogea, wengine wakipanda, wengine wakishuka, wakibanana, mpaka wote wakawa wamejikusanya kuzunguka kipandio kimoja. Kisha sauti moja: "I'll believe it when I see it."

Mkuu alimtazama Mwalimu Thubutu, akitegemea amwokoe. Naye alikuwa amesimama cha nne, katikati yao. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumpandia mkuu wa chuo zaidi ya cha tatu. Alisubiri tu, kama alivyomsubiri kila mtu aliyewahi kusimama pale chini.

Kwa heshima yake niandike kilichofuata bila chumvi. Mkuu aliweka zawadi chini. Alivua koti, akaingia chini ya ngazi, akatoka na makopo yote mawili, moja kila mkono, akavuka nayo uwanja akiyumba, suruali ya suti ikifagia vumbi, mpaka kwenye vyoo vya wanaume, ambavyo vimeililia rangi kuliko jengo lolote hapa. Tulimsikia akimwambia mlinzi aanze leo. Akarudi viganja vikiwa na alama nyekundu za waya, akasimama palepale ardhini.

Mwalimu Thubutu akashuka. Cha tatu, cha pili, cha kwanza, mkono mmoja umeshika gauni. Akafika chini, akampa Mkuu mkono, akamwambia, "Sasa nimeona." Hapo ndipo makofi yakaja, na hapo ndipo wengine wakashuka. Si wote. Makopo yanayokwenda chooni yanaweza kurudi, na muhula ujao bado haujafika. Wachache wetu bado tumesimama cha nne, na hatuna haraka.

Alipoombwa aseme neno, alisema anakwenda nyumbani kupumzika, kunyamaza, na kutokumbishia mtu yeyote tena. Binti yake akapanda mbio mpaka juu, akasimama kwenye herufi za baba yake zilizolalia kulia, akapiga kelele: "Mama! Pull the other one!" Mwalimu akacheka mpaka akaketi kwenye kipandio cha chini.

Asante, Mwalimu, kwa kila kalamu uliyoisimamisha kabla haijaandika uongo. Nenda ukapumzike, ule vizuri, ulale mpaka utakapochoka kulala, na wote watakaokuja kukuuzia kitu mlangoni Mungu awape subira. Sisi uliotuachia chumba cha mwisho na feni yake tunakupenda. Hili moja lipokee ukiwa umesimama chini, bila kupanda hata kipandio kimoja.